Blokucheni kwa asali ya Tabora: anzia kwenye ndoo

Kila msimu wa kurina simu yangu huita kwa maswali yaleyale. Katibu wa kikundi Sikonge anauliza: "Mnunuzi anataka asali yenye blokucheni. Inauzwa wapi?" Mwenzake wa Uyui anataka kujua kama lazima wanunue bitikoini, ile sarafu ya kidijitali, kwanza. Wa Kaliua analalamika kwamba kambini kwao mtandao haushiki hata ukipanda juu ya kichuguu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeandika yote mahali pamoja.

Majibu ya haraka kwanza. Haiuzwi dukani. Bitikoini hununui, na wala usimpe mtu hela akikwambia lazima ununue. Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma kuhusu sarafu hizo na kukumbusha kuwa fedha halali nchini ni shilingi. Katika njia ninayoieleza hapa kikundi hakishiki sarafu yoyote ya kidijitali. Na mtandao unauhitaji kwa dakika chache tu kwa kila bechi, yaani kundi la asali iliyochujwa pamoja. Hizo dakika unaweza kuzipata Sikonge mjini siku ya kufuata mahitaji.

Nadharia nitaimaliza kwa aya moja. Blokucheni, wengine huiita mnyororo wa vitalu, ni daftari ambalo nakala zake ziko kwa watu wengi kwa wakati mmoja, na kila ukurasa mpya hubeba alama iliyotokana na ukurasa uliotangulia. Ukibadilisha ukurasa wa zamani, alama zinapishana na wenye nakala nyingine wanakugundua. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Haijui kama asali uliyoandika ni ya miombo au ni sirapu ya sukari. Ukiandika uongo, itakutunzia uongo huo vizuri sana, na tarehe juu yake. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ndoo, mizani na kalamu, na kompyuta inaingia mwishoni.

Kwa nini wanunuzi wanaulizia sasa? Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 178 ya 2002 inamtaka kila mfanyabiashara wa chakula aweze kusema bidhaa kaipata kwa nani na kamuuzia nani. Machi 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba kati ya sampuli 320 za asali zilizoingizwa kutoka nje, 147 zilitiliwa shaka kuwa zimechanganywa. Kisha ikaja kanuni mpya inayotumika kuanzia tarehe 14 Juni 2026: chupa ya asali iliyochanganywa itaje kila nchi ilikotoka na asilimia yake. Mnunuzi anayekupigia simu kutoka Dar es Salaam anasukumwa na mambo hayo, hata kama hakwambii.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usianze ukiwa na nusu ya vitu hivi. Bora usubiri msimu mmoja.

- Mizani moja iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mizani ya kuning'iniza inatosha.
- Ndoo za plastiki za lita 20 za kuhifadhia chakula, zenye mifuniko inayobana. Ndoo iliyowahi kubeba dawa ya tumbaku haioshwi ikawa safi. Iondoe kabisa, hata kama ni ya mwenyekiti.
- Kalamu ya wino usiofutika na lakiri za plastiki zenye namba, zile ambazo ukizifungua zinakatika.
- Refraktometa ya asali, ya kupimia maji.
- Daftari gumu ambalo umeandika namba kwenye kila ukurasa kabla ya kulitumia.
- Simu janja mbili za Android na chanzo cha umeme. Sola ndogo inatosha.
- Kompyuta moja. Ya kuazima inafaa, mradi mafaili yako uyatunze kwenye flashi mbili zinazolala nyumba tofauti.
- Watu watatu: wa kupima, wa kuandika, na wa kuhakiki. Mtu mmoja akifanya yote matatu, mnunuzi makini atakuuliza, na hutakuwa na jibu.

Hatua kwa hatua

1. Chora njia ya asali yako kwenye karatasi

Kaeni wote chini ya mwembe na karatasi kubwa. Anza na mzinga, malizia na mtu anayelamba kijiko. Kila mahali asali inapobadilisha mikono au chombo, weka duara. Vikundi vingi nilivyokaa navyo vilianza na maduara manne, na hadi tunamaliza yalikuwa manane au tisa: mzingani, ndoo ya kambini, baiskeli au pikipiki, stoo ya kijiji, chombo cha kuchujia, tangi la kutulizia, ndoo ya kuuzia, gari, kiwanda cha kufungashia.

Sasa uliza swali moja kwa kila duara: hapa asali ya watu wawili inaweza kuchanganyika bila mtu kujua? Likijibiwa ndiyo, hapo ndipo utakapoweka kumbukumbu. Likijibiwa hapana, pita. Anayeandika kila kitu kila mahali huchoka wiki ya pili, na hapo ndipo kujaza kwa kukumbuka kunapoanza.

2. Sajili wafugaji na manzuki zao (mahali mizinga inapowekwa)

Kila mfugaji mpe namba fupi, mfano M07. Andika kijiji, aina ya mizinga (ya magome, ya magogo au ya masanduku), idadi yake, na kama manzuki iko ndani ya hifadhi ya msitu, namba ya kibali chake. Mzee aliyetundika mizinga ya magome miaka 30 anaweza kuona haya kuitaja kwa sababu amesikia mafunzo yanakataza kubandua miti. Mwambie unaandika ilivyo. Akikuficha hilo, na mengine atakuficha.

Chukua ridhaa ya kila mmoja kwa sahihi au dole gumba. Hili si urembo: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina, simu na mahali pa mtu ni taarifa binafsi.

Onyo la kwanza, na nalisema kwa msisitizo: usiweke jina, simu wala vipimo kamili vya GPS vya manzuki kwenye kitu chochote kitakachofika kwa umma. Kilichoingia kwenye blokucheni ya wazi hakifutiki, hata mwenyewe akikuomba kwa machozi. Halafu kuna wezi wa asali. Ukichapisha mahali mizinga ilipo kwa usahihi wa mita tano, umewachorea ramani. Kwa umma taja kijiji au kata, basi. Vipimo kamili vibaki kwenye daftari la kikundi.

3. Kila ndoo iwe na namba isiyobadilika

Andika namba kwenye ubavu wa ndoo na kwenye mfuniko. Mimi msimu wa kwanza niliandika kwenye mifuniko tu, nikajiona fundi. Siku ya kuosha ndoo akina mama wakaanika mifuniko 40 juani, wakaifunika tena kama ilivyowajia mkononi. Ndoo ya Kitunda ikawa ya Ipole na ya Ipole ikawa ya sijui wapi. Kazi ya wiki tatu ikaharibika kabla ya saa sita mchana. Mnunuzi tulimwambia ukweli, akaichukua kama asali isiyo na ufuatiliaji, kwa bei ya kawaida.

Namba iwe fupi na isiyo na maana ya siri: N001, N002, kuendelea. Usiweke jina la mtu wala mwaka ndani yake, maana ndoo itatumika tena msimu ujao kwa mtu mwingine.

4. Pokea asali: pima, onja, andika, piga picha

Hapa usiwe na haraka. Kwa kila ndoo inayofika stooni:

a) Pima ndoo na asali yake, toa uzito wa ndoo tupu. Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ni kama kilo 1.4, kwa hiyo ndoo ya lita 20 iliyojaa hadi mdomoni hubeba takribani kilo 28. Mtu akiandika kilo 35 ndani ya ndoo hiyo, ama mizani imekosea ama kalamu imekosea. Ikisoma kilo 22 na ndoo imejaa pomoni, chukua refraktometa mara moja.

b) Weka tone kwenye refraktometa, subiri nusu dakika lipoe, soma. Kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, ni maji yasiyozidi asilimia 20. Yakizidi hapo asali ina hatari ya kuchachuka. Iandike hivyohivyo na uitenge. Usiichanganye na nzuri ili "zisaidiane".

c) Nusa na uonje. Asali iliyolala karibu na bani la tumbaku (banda la kukaushia) hubeba harufu yake, na iliyorinwa kwa moshi mwingi hujulikana mara moja. Hakuna kompyuta itakayokufanyia kazi hii. Neno moja la anayeonja liingie kwenye kumbukumbu: safi, moshi, chachu.

d) Andika kwenye daftari: tarehe, namba ya mfugaji, namba ya ndoo, kilo, asilimia ya maji, neno la mwonjaji, namba ya lakiri. Mfugaji asaini papo hapo na apewe nakala.

e) Jaza hayohayo kwenye simu. Mimi hutumia KoboToolbox, huduma ya fomu za kukusanyia taarifa, kwa sababu programu yake ya simuni hujazwa bila mtandao na kutuma baadaye ukifika penye mawimbi. GPS ya simu nayo haihitaji bando kusoma mahali ulipo. Piga picha ya ndoo ikionyesha namba na mizani kwa pamoja.

Kwa nini daftari na simu vyote viwili? Kwa sababu simu hudondoka mtoni na daftari huliwa na mchwa, ila mara chache vyote siku moja.

5. Unda bechi na ufanye hesabu ya kuingia na kutoka

Siku ya kuchuja, ndoo kadhaa zinamiminwa kwenye chombo kimoja. Kuanzia hapo huwezi tena kusema tone hili ni la nani, unachoweza kusema ni kwamba limetoka kwa mmoja wa watu hawa. Kundi hilo ndilo bechi. Lipe namba, mfano B-250614-2, yaani bechi ya pili ya tarehe 14 Juni 2025.

Tuchukue mfano. Ndoo tisa zimeingia, jumla kilo 243. Baada ya kuchuja na kutuliza umepata kilo 236 za asali na kilo 6 za nta, povu na makapi. Jumla ni 242, kilo moja imebaki kwenye kuta za vyombo. Umefungasha chupa 460 za gramu 500, sawa na kilo 230. Zimebaki kilo 6 kwenye ndoo N112, ambayo itaingia bechi ijayo ikitajwa kwa namba. Hesabu imekaa.

Sasa fikiria umeingiza kilo 243 ukatoa chupa 600. Hizo ni kilo 300. Kilo 57 zimetoka wapi? Hilo ndilo swali ambalo mkaguzi yeyote huanza nalo, na kukosa jibu ndiko huua vikundi, kuliko virusi vya kompyuta na kukatika kwa umeme. Bechi ambayo hesabu yake haikai usiifunge. Rudi kwenye ndoo.

Bechi iwe ndogo. Ukimimina ndoo 80 kwenye tangi moja utaokoa siku mbili za kazi, lakini siku ndoo moja ikikutwa na tatizo, asali ya watu wote inarudi.

6. Funga faili la bechi na ulipatie heshi

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Toa kumbukumbu za bechi kutoka KoboToolbox kama faili la jedwali, andika majibu ya maabara kama yapo, na uhifadhi kwa jina la bechi: B-250614-2.csv. Mstari wa kwanza wa faili uandike heshi ya faili la bechi iliyotangulia. Kwa kufanya hivyo umeshatengeneza mnyororo wako mdogo, kila bechi inaishika iliyo nyuma yake.

Heshi ni nini? Ni alama ya vidole ya faili. Ile inayoitwa SHA-256 ina herufi na tarakimu 64, na ukibadilisha hata nafasi moja ndani ya faili, alama yote inageuka. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, nenda kwenye folda ya faili, na uandike:

`certutil -hashfile B-250614-2.csv SHA256`

Kwenye Linux ni `sha256sum B-250614-2.csv`. Zinakili zile herufi 64 kwenye daftari la karatasi, kwa mkono, na mhakiki azisome kwa sauti huku mwandishi akifuatilia. Inachosha. Ifanye.

Baada ya hapo faili lisiguswe. Usilifungue kwenye Excel "kuangalia tu", maana ukilihifadhi wakati wa kulifunga, Excel inaweza kupanga upya tarehe na namba, na heshi ikafa. Ukitaka kuangalia, tengeneza nakala uangalie nakala.

7. Tia muhuri wa blokucheni

Mpaka sasa alama yako iko kwenye daftari lako, na mtu anaweza kudai uliiandika jana. Unahitaji shahidi wa nje. Ipo huduma ya bure iitwayo OpenTimestamps. Fungua tovuti yake, buruta faili la bechi ndani ya kisanduku chake. Faili halitoki kwenye kompyuta yako. Kinachotumwa ni heshi tu. Huduma hiyo hukusanya heshi za watu wengi, huzibana kuwa moja, na kuiingiza kwenye blokucheni ya Bitcoin. Gharama ya muamala wanaibeba wao.

Utapewa faili dogo lenye jina lilelile na kiishio `.ots`. Hiyo ndiyo stakabadhi yako. Mara ya kwanza itakuwa haijakamilika, kwa sababu uthibitisho huchukua saa kadhaa. Rudi siku inayofuata, ipakie tena pamoja na faili lake, na uhifadhi toleo lililokamilika. Weka vyote kwenye flashi zote mbili.

Umemaliza. Hiyo ndiyo "blokucheni" iliyokuwa ikikunyima usingizi. Kuanzia hapo, mtu yeyote duniani mwenye faili lako na stakabadhi yake anaweza kuthibitisha kwamba kumbukumbu hizo zilikuwepo siku ile na hazijaguswa, bila kukuamini wewe wala mimi.

Onyo la pili: usijaribu kuwa mjanja kwa kuchapisha heshi ya namba ya simu ya mfugaji ukidhani umeificha. Namba zetu zina tarakimu kumi na mianzo inajulikana. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzijaribu zote na kuipata. Toa heshi ya faili zima, lenye mambo mengi ndani.

8. Ukurasa wa bechi na msimbo wa QR

Tengeneza ukurasa mmoja rahisi wa wavuti kwa kila bechi: kata ilikotoka, mwezi wa kurina, idadi ya wafugaji, aina za mizinga, asilimia ya maji, idadi ya chupa, heshi. Toleo la umma la faili, lisilo na majina, liwe na muhuri wake pia, ili mteja anayetaka kuhakiki apate kitu cha kuhakiki. Lisilohakikiwa na mtu ni pambo.

Kisha tengeneza msimbo wa QR wenye anwani ya ukurasa huo. Mambo matatu ya kuangalia:

Chagua QR ya kudumu, ile iliyobeba anwani yako yenyewe. Zipo huduma zinazokupa QR inayopitia kwanza kwenye tovuti yao. Muda wa bure ukiisha, chupa zako zote zilizoko sokoni zinamwelekeza mteja kwenye tangazo la kulipia.

Chagua kiwango cha juu cha kuvumilia uharibifu, kinachoandikwa herufi H. Msimbo wa aina hiyo husomeka hata takribani asilimia 30 yake ikichafuka, na asali, ndugu yangu, huchafua.

Chapisha usiopungua sentimita mbili kila upande. Jaribu kuusoma kwa simu ya bei nafuu, jioni, dukani. Simu nzuri ofisini husoma chochote.

Na kumbuka kwamba QR ni mchoro tu, mwenye mashine ya fotokopi anao pia. Ndiyo maana idadi ya chupa iandikwe kwenye ukurasa na kila chupa iwe na namba yake: chupa 137 kati ya 460. Mteja akikutana na chupa mbili zenye namba 137, mmoja wenu ameibiwa jina.

9. Makabidhiano

Asali ikitoka stooni, iwe kwa basi, lori au treni ya Reli ya Kati, anayeipokea asaini namba za ndoo na za lakiri. Ikifika, mpokeaji akutumie picha ya lakiri kabla hajaikata. Tukio hilo nalo liingie kwenye faili lake na lipigwe muhuri. Kikundi kinachosahau hatua hii hujikuta kinajibu makosa yaliyofanyika barabarani.

10. Jaribu kurudi nyuma

Kabla ya kumwita mnunuzi, mpe mtu asiyehusika chupa moja na umwambie: niambie wafugaji waliochangia. Mshikie saa. Walmart, wenye maduka makubwa Marekani, walipojaribu mfumo wao wa blokucheni na kampuni ya kompyuta ya IBM kufuatilia maembe, kazi iliyochukua karibu siku saba kwa makaratasi ilishuka hadi sekunde 2.2. Wewe huhitaji sekunde mbili. Ukiweza chini ya saa moja ukiwa na daftari na flashi, uko vizuri. Ukishindwa, tafuta duara gani kwenye karatasi ya hatua ya kwanza lilirukwa.

Je, mnahitaji mfumo mkubwa zaidi?

Vijana wa kompyuta watakuja na neno Hyperledger Fabric. Ni mfumo wa kweli, wa blokucheni ya washirika wanaojuana, na hauhitaji sarafu. Una maana pale ambapo kikundi, mchujaji, msafirishaji na mnunuzi kila mmoja anaendesha nodi yake, yaani kompyuta iliyounganishwa na daftari hilo, na kushika nakala yake. Kampuni moja ikishika nodi zote, mmelipia daftari la kawaida lenye jina la kigeni.

Nililipia moja kama hilo. Tuliambiwa taarifa zetu ni za kudumu milele. Mkataba wa mfadhili ulipoisha tovuti ikazimwa, na hatukuwa na nakala hata ya jedwali moja. Hata wakubwa huanguka: TradeLens, mfumo wa usafirishaji wa makontena wa kampuni ya meli ya Maersk na IBM, ulifungwa mwanzoni mwa 2023. Kabla ya kusaini chochote uliza swali hili: mkiondoka kesho, sisi tunabaki na nini mkononi? Wakikujibu kwa maneno mengi, subiri.

Mambo yakigoma

*Heshi hailingani na ya kwenye daftari.* Mara nyingi mtu alilifungua faili akalihifadhi. Chukua nakala ya flashi ya pili. Kama nayo hailingani, hakiki kwamba hukukosea kunakili. 0 na herufi nyingine za duara hudanganya macho, ingawa heshi hutumia tarakimu na herufi a hadi f peke yake, kwa hiyo duara lililosimama peke yake daima ni sifuri.

*Picha niliyotumiwa kwa WhatsApp ina heshi tofauti.* WhatsApp huibana picha inapoituma kama picha. Mwambie aitume kama waraka.

*Nimegundua kosa baada ya kutia muhuri.* Usifute, na usitengeneze faili jipya lenye jina lilelile. Andika faili la masahihisho: bechi fulani, ndoo fulani, iliandikwa kilo 27 ilikuwa 24, sababu hii, sahihi za watu wawili. Litie muhuri wake. Mnunuzi mzoefu huogopa zaidi kumbukumbu za misimu mitatu zisizo na sahihisho hata moja.

*Stakabadhi inaendelea kusema haijathibitishwa.* Subiri siku nzima. Ikiendelea, rudia kupakia. Faili lako lipo, hakuna kilichopotea.

*Mfugaji hataki kusaini.* Usimlazimishe, na usiichanganye ndoo yake na bechi inayofuatiliwa. Inunue upande wa asali ya kawaida. Kule Ipole mzee mmoja alikataa msimu mzima, akituangalia tu tunavyopima. Msimu uliofuata alikuja na ndoo sita, zote ameshaziandika namba ubavuni kwa mkaa, akauliza kalamu yetu iko wapi.